Udalali wa mtandaoni: faida na hasara zake, kwa uzoefu wa miaka miwili nikiwa Dodoma

Mleta uzi (Dodoma Makulu):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa, hasa na wanafunzi wa UDOM waliopanga Ng'ong'ona, kama ni kweli mtu anaweza kujipatia riziki kwa kusambaza linki za bidhaa za watu wengine na kulipwa kamisheni kila mteja anaponunua. Nimeahidi mara kadhaa kuandika na leo nimepata nafasi. Uzi ni mrefu, hivyo asiye na muda auhifadhi kwanza.

Naomba nianze na marehemu mjomba wangu, kwa sababu bila yeye nisingeielewa kazi hii. Alikuwa dalali wa mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Hakuwa na shamba, ghala wala lori. Alichokuwa nacho ni daftari kubwa la kaunta, lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ambamo kila gunia lililopitia kwake liliandikwa limetoka kwa nani, limechukuliwa na nani, kwa bei gani, na chake ni kiasi gani. Mkulima na mfanyabiashara walipojaribu kumzunguka na kumalizana wenyewe nyuma ya lori, mjomba alifungua daftari, akaita mashahidi wawili, na mzozo ukaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kuuza kwa kamisheni mtandaoni ni kazi ileile ya mjomba, isipokuwa kwa jambo moja: daftari analo muuzaji. Wewe dalali hulioni, hulishiki, na huna shahidi. Karibu kila faida na kila hasara nitakayoitaja inatoka hapo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unajiandikisha kwa muuzaji, unapewa linki yenye namba yako, unaiweka katika makala, video au stetasi ya WhatsApp. Mtu akiibonyeza, kivinjari cha simu yake kinahifadhi alama ndogo inayoitwa kidakuzi, ambayo wengi tunaiita kuki, na akinunua kabla muda wa kuki hiyo haujaisha, mauzo yanaandikwa kwa jina lako. Amazon ilianza mpango wake wa namna hii Julai 1996, ikiwalipa wenye tovuti waliowaelekeza wasomaji kununua vitabu, na maduka mengi duniani yalifuata njia hiyohiyo.

Faida ya kwanza ni kwamba mtaji wa bidhaa hauhitajiki. Mimi nina steshenari ndogo hapa Makulu, na mwenye duka yeyote anaujua uchungu wa mali iliyolala: umenunua boksi la faili za plastiki kwa sababu muhula uliopita zilikwisha, na muhula huu hakuna anayezitazama, huku vumbi letu la Dodoma likizibadilisha rangi. Katika udalali wa mtandaoni hakuna kinacholala. Hakuna pango la rafu, hakuna mteja wa "nitakulipa Ijumaa", na bidhaa ikiharibika njiani, anayesumbuliwa ni muuzaji. Kutokuwa na daftari kuna raha yake.

Faida ya pili niliigundua bila kutarajia. Niliandika makala ya Kiswahili kuhusu printa zinazofaa steshenari ndogo. Sikuandika kuhusu kasi yake wala umbo lake. Nilieleza kopi moja inakugharimu shilingi ngapi ukitumia printa ya katriji na ukitumia ile ya kujazia wino kwenye tangi, kwa kuhesabu rimu na chupa za wino nilizotumia mwenyewe kwa miezi mitatu. Makala hiyo iliendelea kuleta wanunuzi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nakumbuka nikiwa msibani Mpwapwa, mahali ambapo hata kufungua simu ilikuwa aibu, kamisheni ya shilingi 24,000 iliingia kutokana na printa ya 600,000 iliyonunuliwa na mtu nisiyemfahamu. Kibaigwa mjomba asiposimama sokoni hapati kitu. Hapa maandishi ndiyo yanayosimama badala yako, na kwa mtu wa Dodoma asiye na uwezo wa kupanda basi kwenda Kariakoo kila wiki, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye machungu, ambayo nitayaeleza kwa urefu zaidi kwa sababu wanaouza mafunzo ya kazi hii huyapita haraka.

Jambo chungu la kwanza ni muda wa kuki. Ya Amazon huishi saa 24 tu. Mteja akiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, kikapu hicho huhesabika kwako hadi siku 90, lakini asipoweka, umekwisha. Utaratibu huo unamfaa mnunuzi ambaye fedha yake iko kwenye kadi. Mnunuzi wangu mimi ni mwanafunzi ambaye leo anasoma makala kuhusu kompyuta mpakato, anapiga picha ya skrini, anamtumia kaka yake aliye Mwanza kuomba ushauri, kisha anasubiri bumu. Bodi ya Mikopo ikishaingiza fedha, wiki tatu baadaye, anafungua simu nyingine kabisa, anaandika jina la kompyuta ile na kununua. Kazi ya kumshawishi nimeifanya mimi, lakini katika daftari la muuzaji sipo.

La pili ni kwamba Mtanzania hanunui kwa kubonyeza, hununua kwa kuongea. Anafungua linki yako, anaiona namba ya simu ya duka, anapiga, anauliza bei ya mwisho, anauliza mzigo utapakiwa basi gani, kisha analipa kwa simu. Mauzo yamefanyika nje ya mfumo, na mfumo hauna habari. Duka moja la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, lilinionyesha kwamba linki yangu imebonyezwa mara 41 ndani ya mwezi mmoja na mauzo ni sifuri. Katika mwezi huohuo binamu yangu alinunua printa kwao kupitia linki yangu, nami risiti niliishika mkononi. Nilipowaandikia, nilijibiwa kwamba mfumo haujaonyesha kitu. Sidai kwamba walikusudia kunidhulumu. Ninachosema ni kwamba sikuwa na pa kushika.

La tatu, mwenye daftari ndiye anayepanga viwango, na huvipanga upya bila kukuuliza. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni ya samani na vifaa vya nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na ya vyakula kutoka asilimia 5 hadi 1. Fikiria mtu aliyekuwa ameandika makala za vitanda na makabati kwa miaka mitano. Mshirika mpya asipoleta mauzo matatu ndani ya siku 180, akaunti yake hufungwa. Hapa kwetu Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, na yeyote aliyekuwa amejenga kazi yake juu ya linki za duka lile alibaki na maandishi yanayoelekeza watu mahali pasipo na mlango.

Kuhusu fedha kufika mkononi nitasema kwa kifupi. Kampuni nyingi za nje hazilipi mpaka ufikishe kiwango cha chini na muda wa kurudisha bidhaa upite, na Amazon hulipa takribani siku 60 baada ya mwezi kwisha. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ikituma fedha bila kuweza kupokea, kwa hiyo ulizia njia ya malipo kabla hujaandika hata aya moja. Mimi niliuliza baada ya miezi mitano.

Liko pia suala la uaminifu. Muuzaji mmoja anakupa asilimia 12 kwa betri ya akiba hafifu, mwingine asilimia 3 kwa betri nzuri, na kidole chako kinajua kinataka kwenda wapi. Niliwahi kukifuata. Dodoma ni mji mkuu, lakini kwa mambo mengine bado ni mdogo: miezi miwili baadaye nilisimamishwa kwenye soko la Majengo, mbele ya mafungu ya mlenda, na mama mmoja aliyeitoa betri ile kwenye mkoba ikiwa imevimba kama andazi. Niliirudisha fedha yake kutoka mfukoni mwangu. Tangu hapo kila makala yangu huanza na sentensi inayosema kwamba nalipwa kamisheni. Kwa Marekani hilo ni sharti la kisheria, kwani Tume ya Biashara ya Shirikisho inamtaka anayesifia bidhaa aweke wazi uhusiano wake na muuzaji. Mimi naliweka kwa sababu ya yule mama.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji (Ng'ong'ona):

Shikamoo mkuu, na asante kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nimealikwa kwenye kundi ambalo unalipa shilingi 50,000 ya kujiunga, kisha kila unayemwalika akilipa, unapata 20,000, na wale atakaowaalika yeye unapata 5,000. Wanasema hii ndiyo biashara ya kamisheni uliyoieleza. Bidhaa ipo, ni mafunzo ya video, ingawa sijaona mtu anayeyaongelea.

Mleta uzi:

Marahaba, mdogo wangu. Umejijibu katika sentensi yako ya mwisho.

Jiulize swali moja: fedha ya kamisheni inatoka mfukoni mwa nani? Katika udalali halali inatoka kwa mnunuzi wa nje, aliyeitaka bidhaa na ambaye angeinunua hata kama hakuna kamisheni kwa mtu yeyote. Kwenye kundi lako, kila shilingi inatoka kwa mwanachama mpya anayetarajia kuirudisha kwa kualika mwingine. Waalikwa wakiisha, fedha imeisha, na hostelini kwenu mtaisha mapema kuliko mnavyodhani. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu ambapo wananchi waliweka fedha wakiambiwa wanapanda mbegu, Serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Hao walikuwa na makaratasi na mihuri. Siku hizi ni kundi la WhatsApp tu, na mwenye kundi akilifuta, hata jina lake halisi humjui.

Hali kadhalika, muuzaji wa kweli hamtozi dalali kiingilio. Mjomba hakuwahi kumlipa mkulima ili aruhusiwe kumtafutia mnunuzi.

Mchangiaji (Ilazo):

Ndugu mleta uzi, mimi hutengeneza tovuti, na naomba kuongeza jambo kwenye hoja yako ya daftari. Hata muuzaji akiwa mwaminifu, njiani wapo wanaoliandika upya. Kanuni inayotumika mahali pengi ni kwamba kamisheni yote huenda kwa kuki ya mwisho. Ukimshawishi mteja kwa wiki nzima, na mwingine akaweka alama yake dakika moja kabla ya malipo, huyo wa mwisho ndiye anayelipwa.

Kuna mfano maarufu wa Marekani. Shawn Hogan alikuwa miongoni mwa madalali wakubwa kabisa wa eBay, na alilipwa dola milioni kadhaa kwa kupandikiza kuki kwenye kompyuta za watu ambao hawakuwahi kubonyeza linki yoyote. Watu hao walipokuja kununua kitu eBay kwa hiari yao, mauzo yalihesabika kuwa yake. Alikiri kosa na mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano. Mwishoni mwa 2024 ikazuka hoja nyingine kuhusu Honey, programu ya kutafuta punguzo ambayo PayPal iliinunua kwa takribani dola bilioni 4. Ilidaiwa kwamba mteja akiibonyeza wakati wa kulipa, huweka alama yake juu ya alama ya dalali aliyemleta mteja huyo, na baadhi ya watengeneza video walifungua kesi.

Kwa hiyo tusiwalaumu wauzaji peke yao. Mfumo wenyewe humtambua aliyefika mwisho.

Mleta uzi:

Nashukuru sana, mkuu. Hilo la kuki ya mwisho nililijua, ila sikuwahi kulifikiria kama wizi wa njiani. Hata Kibaigwa wapo wanaosubiri gunia likishapimwa ndipo wanajifanya wao ndio waliomleta mnunuzi.

Mchangiaji (Singida):

Naomba na mimi muuzaji nisikilizwe, maana naona tunavikwa kanzu ya dhuluma. Nakamua alizeti hapa Singida na nauza mafuta kwa madumu ya lita 20, mengi yakienda Dodoma kwa basi. Mwaka jana niliwaahidi vijana wanne kamisheni ya shilingi 2,000 kwa kila dumu litakalouzwa kupitia matangazo yao ya mtandaoni. Mwezi wa kwanza kila mmoja alinidai. Wawili walimdai mteja mmoja, na mteja huyo nilikuwa namuuzia tangu hawajaanza kutangaza. Nilipomuuliza mwenyewe, akasema aliiona posti ya kijana mmoja, akakumbuka kwamba mafuta yamemwishia, akanipigia.

Mleta uzi, hebu niambie: hapo dalali ni nani? Nimeleta mfano huu kwa sababu umesema daftari ninalo mimi. Ninalo, lakini hata mimi halinisaidii. Niliwalipa wote ili niondokane na maneno, kisha nikafunga mpango.

Mleta uzi:

Dada yangu, umenigusa, na nakiri kwamba nilikuwa nimeutazama upande mmoja. Kwa mfano ulioutoa, mimi nisingedai kitu kwa mteja ambaye alikuwa wako tangu awali, ingawa naielewa hoja ya kijana kwamba bila posti yake mteja angechelewa wiki nyingine. Nitaeleza ninavyofanya sasa na wauzaji wanne wa hapa Dodoma, na ndilo jambo ambalo nilipaswa kuliandika katika uzi wenyewe.

Linki nimeiacha. Kila muuzaji amenipa namba ya punguzo, kwa mfano MAKULU7, na mteja akiitaja anapunguziwa kiasi kidogo. Faida ya namba ni kwamba inatamkika. Mteja anaweza kuisema kwa simu, kuiandika WhatsApp, au kuikumbuka hadi bumu litoke, na kwa kuwa anapunguziwa bei, ana sababu yake mwenyewe ya kuitaja. Haihitaji kuki wala kivinjari, na huyo wa kuki ya mwisho hana pa kuingilia.

Pili, siku ya kwanza muuzaji ananipa orodha ya wateja wake wa zamani kwa tarakimu nne za mwisho za simu zao, ili asifichue namba kamili. Hao si wangu hata wakitaja namba yangu. Tatu, tunaandika karatasi ya ukurasa mmoja: kiwango, siku ya malipo, na kinachotokea bidhaa ikirudishwa. Uwakala unatambuliwa na Sheria ya Mikataba, kwa hiyo karatasi hiyo si mapambo. Nne, kila Ijumaa ananitumia picha ya ukurasa wa mauzo yenye namba yangu, nami naulinganisha na watu walioniuliza kwa wiki hiyo. Tunatofautiana mara mojamoja, na mara nyingi aliyekosea ni mimi.

Mchangiaji (Nkuhungu):

Mleta uzi hajagusa kodi. Mapato ya kamisheni ni mapato kama mengine. TIN hutolewa bure na TRA, na Sheria ya Fedha ya 2024 iliingiza kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya mtandaoni, hivyo mwenye kulipwa na kampuni ya hapa nchini kwa ajili ya video au makala asishangae akikuta kiasi kimekatwa. Aombe hati ya zuio aitunze.

Vilevile napenda kuuliza lile ambalo wote tunalisubiri: kwa miaka hiyo miwili umepata shilingi ngapi?

Mleta uzi:

Ni haki yako kuuliza, mkuu, na asante kwa nyongeza ya kodi.

Mwaka wa kwanza, kwa linki, nilipata jumla ya shilingi 212,000, na katika hizo 60,000 sikuzitoa kwa sababu hazikufikia kiwango cha kulipwa. Kati ya watu 100 waliobonyeza, walionunua na kuandikwa kwa jina langu walikuwa mmoja au wawili. Mwaka wa pili, kwa namba za punguzo na wauzaji wa hapa, nilipata 934,000. Ukigawa kwa miezi, ni chini ya 80,000 kwa mwezi, fedha inayolipa umeme na bando la steshenari na kubakiza kidogo. Hainitoshi kufunga duka. Anayekwambia aliacha kazi kwa ajili ya udalali huu muulize anauza nini hasa, kwani mara nyingi utakuta anachouza ni mafunzo ya udalali huu.

Kwa mwanafunzi mwenye muda na simu, bado naona inafaa kujaribu, mradi aandike kuhusu kitu anachokitumia yeye mwenyewe na asilipe kiingilio popote.

Mchangiaji (Singida):

Nimeusoma utaratibu wako mara mbili. La namba nimelipenda, na la orodha ya wateja wa zamani nalikubali. La Ijumaa silikubali kama lina maana ya kulipana siku hiyohiyo. Wateja wangu wa Dodoma wengi ni mama lishe na wenye maduka, wanachukua dumu leo na kulipa mwisho wa mwezi, na siwezi kutoa kamisheni ya mafuta ambayo bado hayajalipwa. Picha ya ukurasa nitaituma kila Ijumaa, malipo yawe tarehe 2. Kama hilo linakufaa, nitumie karatasi yako niisome na kaka yangu kabla sijaweka sahihi.

Mleta uzi:

Tarehe 2 inanifaa, dada. Karatasi nakutumia jioni ya leo. Kipengele cha dumu lililovuja njiani nimekiacha wazi, ili ukijaze wewe unayejua kwa kawaida linavuja mara ngapi.